Mbuzi wa Umoja na Dandora Wanatudai Nini?

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana mapema na kanuni moja ya ngeli ambayo aghalabu walimu huipitia kwa haraka. Wanyama wote, hata wale ambao majina yao hayabadiliki katika umoja na wingi, huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: mbuzi analia, kuku wametaga, ng'ombe wetu amezaa. Lakini mnyama huyo huyo akiitwa mfugo, sarufi humgeukia ghafla. Huwa ni mfugo huu, mifugo hii, mifugo imekufa kwa kiu, sawasawa na mti au mkoba. Mwanafunzi akiandika 'mifugo wamekufa', mwalimu humpigia mstari mwekundu, na kwa mujibu wa sarufi sanifu mwalimu yu sahihi.

Sidai kwamba ngeli za Kiswahili ndizo zilizotufanya tuwe wakatili kwa wanyama. Madai ya namna hiyo ni mepesi kutolewa na mazito kuthibitishwa. Hata hivyo, kanuni hiyo yastahili kutafakariwa na yeyote anayeishi au kufundisha katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, maana huko mnyama anayefugwa ni kiumbe na kitu kwa wakati mmoja. Asubuhi ni mbuzi mwenye jina, anayeitwa na watoto kabla hawajaenda shule. Karo inapodaiwa, yeye ni hesabu. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu anayefuga mnyama katika ua usiozidi upana wa vitanda viwili ana wajibu gani kwa mnyama huyo?

Msomaji asiyeujua upande huo wa jiji huenda akadhani kwamba nazungumzia jambo la nadra. La hasha. Kuanzia Pumwani, mtaa uliokuwapo tangu miaka ya 1920, na Kaloleni uliojengwa miaka ya 1940, hadi Umoja, Dandora, Kayole na Komarock zilizokuja baadaye, wanyama wamekuwa wakiishi pamoja na watu. Mbuzi na kondoo huonekana wakichakura kando ya Barabara ya Juja na Barabara ya Kangundo. Kuku hufugwa juu ya paa za ghorofa. Sungura huwekwa kwenye roshani, penye kamba za kuanikia nguo. Mwaka wa 1985, Taasisi ya Mazingira ilichapisha utafiti wake kuhusu miji sita ya Kenya, ikakuta kwamba takriban asilimia 17 ya jamaa za mjini zilikuwa zikifuga wanyama papo hapo mjini. Wakati huo wenye mamlaka walikuwa wakisema kwamba kilimo ni shughuli ya mashambani, na mji ni wa ofisi na viwanda.

Kwa miaka mingi sheria nayo ilisimama upande wa wenye mamlaka. Mfugaji wa Eastlands alifuga kwa wizi, sikio moja likiwa kwa mbuzi wake na la pili likisikiliza nyayo za askari wa kanjo. Hali hiyo iliwadhuru wanyama kwa njia ambayo haitajwi mara nyingi. Mnyama anayefichwa hufichwa gizani, penye unyevu, nyuma ya choo au chini ya ngazi, na hata akiugua, mwenyewe huogopa kumwita daktari wa mifugo asije akajifichua. Kwa hiyo ilikuwa heri mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipotunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwani mfugaji alitolewa katika kundi la wahalifu akatambuliwa kuwa mtu anayejilisha. Sheria hiyo iliafikiana na Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika.

Mjadala wote huo, hata hivyo, ulikuwa juu ya mwanadamu: haki yake ya kufuga, haki ya jirani yake ya kutosumbuliwa na harufu, haki ya mlaji ya kutouziwa maziwa machafu. Ni haki za kweli wala sizibezi. Ila yuko mhusika wa nne ambaye hakuitwa kwenye mkutano.

Tuangalie mahali alipo mhusika huyo katika Dandora. Mtaa huo ulianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukiwa na viwanja 6,000 vya kati ya mita mraba 100 na 160. Mpango wa awali ulikuwa familia ipate kiwanja, choo na maji, kisha ijijengee vyumba pole pole. Familia nyingi zilifanya hivyo, na kilichobaki cha ua kikawa cha jiko, cha kufulia, na cha kuku au mbuzi. Siku hizi viwanja vingi vimepandishwa ghorofa hata ua wenyewe umemezwa. Mbuzi hakuondoka pamoja na ua. Alifunguliwa mlango akaambiwa ajitafutie. Na pale Dandora, anayejitafutia ana pa kwenda, yaani jaa kuu la taka la Nairobi, lililofunguliwa katika miaka hiyo hiyo ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na likaendelea kumwagiwa taka baada ya kutangazwa hivyo.

Mnamo 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti juu ya jaa hilo. Watoto 328 wa maeneo ya jirani walipimwa, na nusu yao wakapatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa kimataifa wakati huo. Hao ni watoto wanaopita kando ya jaa, wanaovuta moshi wake na kucheza katika vumbi lake. Mbuzi, nguruwe na ng'ombe wanaolishwa juu ya jaa lenyewe hula kilichomo. Kisha watu hunywa na kula kilichomo ndani yao.

Kuna imani iliyoenea kwamba mbuzi hula kila kitu, na imani hiyo imewapa wafugaji wengi usingizi mtamu. Anayemjua mbuzi anajua kwamba ni mlaji mchaguzi kuliko ng'ombe. Midomo yake hupapasa, hunusa na kuteua jani moja moja, naye akiachiwa hupenda vichaka na matawi kuliko nyasi zilizo chini. Anakula karatasi ya nailoni kwa sababu imebeba harufu ya chumvi au mabaki ya chakula, na kwa sababu hakuna kingine. Tumbo lake lenye vyumba vinne limeumbwa ili ameze kwanza na kucheua baadaye, nalo haliwezi kuicheua nailoni wala kuisaga. Hujikusanya humo ikawa donge; mbuzi akaonekana ameshiba ilhali anakonda. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo hali imepata nafuu kidogo, lakini plastiki za aina nyingine zimejaa mitaroni, na zile za zamani hazijaoza.

Linganisha na mbuzi wawili waliofugwa Umoja, ndani ya ua, na mtu aliyekaa akafikiri kabla ya kununua. Banda limeinuliwa juu ya ardhi kwa mbao zenye nafasi kati yake ili kinyesi na mkojo vidondoke chini, kwa kuwa mbuzi huchukia kulala penye majimaji, na kwato zake huoza akilazimishwa. Kila mmoja ana mita mraba moja na nusu hadi mbili za kugeukia na kujinyosha. Nyasi za nepia hununuliwa kwa mafungu, na maganda ya ndizi, majani ya sukuma wiki na ya kabeji huokotwa sokoni jioni yakiwa mabichi, kabla hayajaanza kuvunda. Maji yapo. Hilo la maji si jambo dogo Eastlands, ambako mifereji hukauka siku kadhaa katika juma, na mtungi wa lita 20 hununuliwa. Mbuzi wawili wanaokamuliwa hawashindwi kuumaliza mtungi huo kwa siku wakati wa joto. Mfugaji asiyeyaweka maji hayo katika hesabu tangu mwanzo atayatoa katika koo la mbuzi, kwa sababu watoto hawezi kuwanyima.

Nimesema mbuzi wawili kwa kusudi. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Akiwekwa peke yake hulia mchana kutwa, na majirani huja kulalamikia kelele bila kujua kwamba wanachokisikia ni upweke. Wengi huanza na mmoja kwa nia njema ya kupunguza gharama. Ingekuwa bora kuanza na wawili wadogo, au na kuku watatu, kuliko kuanza na mbuzi mmoja mkubwa anayeng'ang'ana na kamba.

Na kuhusu kamba, Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyotofautiana kwa sauti moja tu: kufuga na kufunga. Mizizi yake si mmoja, wala mwalimu asiwafundishe wanafunzi kwamba kimoja kimezaa kingine. Lakini katika mitaa yetu vimekaribiana mno kwa matendo. Mtu hununua mbuzi, humfunga kwenye nguzo ya umeme kwa kamba ya urefu wa mita moja, na husema kwamba anafuga. Tunacho kitenzi cha tatu kilichosahauliwa, kuchunga, ambacho kwa asili ni kazi ya kufuatana na mnyama, macho yakiwa juu yake. Ndicho kilichotupa neno mchungaji tunaloliona kwenye mabango ya makanisa kila kona ya Kayole. Kwa Mkenya wa leo 'chunga' ni onyo: jihadhari, gari hilo! Maana zote hizo zimo katika tendo moja la kuangalia. Mfugaji asiyeangalia hajui kama mbuzi wake amekojoa leo.

Katika Uingereza, mambo haya yalifikia ngazi ya serikali baada ya mwandishi Ruth Harrison kutoa kitabu mwaka wa 1964 kuhusu wanyama waliofungiwa katika mashamba ya kiviwanda. Kamati ya Profesa Brambell iliyoteuliwa kufuatia kitabu hicho iliripoti mwaka wa 1965 kwamba, kwa uchache, mnyama yeyote anayefugwa lazima aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Baadaye yakatokea yale yanayojulikana kama uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose starehe ya makao, asiachwe na maumivu au ugonjwa, asizuiwe kuishi kama maumbile yake yanavyomtaka, na asiishi katika hofu. Wako watakaosema kwamba hayo ni mawazo ya wazungu walioshiba. Basi na watazame Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayozuia ukatili dhidi ya wanyama, na ambayo imekuwamo vitabuni mwetu tangu kabla ya uhuru. Humo, kumnyima mnyama chakula au maji, au kumpiga kikatili, ni kosa la jinai. Na watazame dini walizo nazo. Kitabu cha Mithali kinamhesabu mwenye haki kuwa yule anayejali uhai wa mnyama wake. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji awe na kisu kikali na yanamkataza kukinoa mbele ya mnyama atakayechinjwa. Babu zetu hawakungoja kamati yoyote.

Kinachomtesa mnyama wa mjini zaidi ya ukatili, kwa maoni yangu, ni tamaa ya utajiri wa haraka. Walimu wengi watakumbuka msimu wa kware wa mwaka wa 2013 na mwanzo wa 2014. Ilivuma kwamba mayai ya ndege hao yanaponya kila ugonjwa, na bei ikapaa. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilikuwa ndilo linalotoa leseni, kwa vile kware ni ndege wa mwituni kisheria, na watu wakapanga foleni kuzitafuta. Waliokopa walikopa, waliotoa akiba za chama walitoa. Vizimba vikajazwa vyumbani na kwenye roshani. Kwa muda, faida ilipatikana. Lakini sehemu kubwa ya biashara ilikuwa kumuuzia ndege mtu mwingine aliyetaka kuanza kufuga, naye aje amuuzie mwingine. Wapya walipokwisha, soko likafa. Wafugaji wakabaki na mamia ya ndege wanaokula kila siku na wasiotakiwa na mtu, na sote tunajua ni nani hupunguziwa chakula katika hali kama hiyo.

Lau wakenya tu ndio waliofanya hivyo, tungejisuta na kunyamaza. Marekani walikuwa wametutangulia kwa mnyama anayeitwa alpaka, jamaa ya ngamia kutoka milima ya Andes huko Peru, anayefugwa kwa ajili ya sufu yake laini. Familia zenye mashamba madogo zilishawishiwa kwamba alpaka ni mpole, halagi sana, na kila mtoto anayezaliwa ni fedha mkononi. Mnyama mmoja wa kuzalisha aliuzwa maelfu ya dola, na walio bora makumi ya maelfu. Wanauchumi wawili, Saitone na Sexton, walionya katika makala ya mwaka wa 2007 kwamba bei hizo hazikulingana kamwe na thamani ya sufu. Wanyama walikuwa wakinunuliwa ili wauziwe wanunuzi wapya. Uchumi ulipoyumba mwaka uliofuata, bei zikaanguka, na alpaka waliokuwa johari wakawa mzigo wa kugawiwa bure. Alpaka naye, kama mbuzi, hawezi kuishi peke yake bila kudhoofika, na baadhi yao waligawiwa mmoja mmoja.

Kumbe kipimo cha kwanza cha ufugaji wa haki kinapatikana kabla mnyama hajafika nyumbani. Je, mnyama huyu ananunuliwa kwa kile anachokitoa, au kwa uvumi? Mbuzi wa maziwa anatoa maziwa. Juhudi za kusambaza mbuzi hao katika miaka ya 1990, kama vile ule mradi wa mbuzi aina ya Toggenburg ulioanzishwa Meru mwaka wa 1996 na shirika la FARM-Africa, zilifaulu kwa kuwa familia ilikamua, ikanywa, na ikauza masalio. Eastleigh nako, jamaa mwingine wa alpaka hulisha watu kila siku bila makelele: maziwa ya ngamia hupakiwa Isiolo na akina mama wa ushirika, yakafika mtaani kwa basi. Ngamia mwenyewe amebaki kwao, penye nafasi yake. Huo nao ni uamuzi wa busara, kwamba si kila mnyama lazima ahamie mjini kutufuata.

Kuna sehemu ya ufugaji ambayo wapenda wanyama huikwepa, nami sitaikwepa. Ili mbuzi akamuliwe lazima azae, na mimba yake huchukua takriban siku 150. Karibu nusu ya watoto watakuwa madume. Beberu aliyekomaa hawezi kuishi katika ua wa Umoja; harufu yake pekee itawapeleka majirani kwa chifu. (Jina lake tumewapa wakoloni, jambo ambalo beberu hakulistahili.) Meru walilitatua kwa kuweka vituo vya beberu, ambako wafugaji kadhaa walitumia dume mmoja, wafugaji wa Eastlands wangeweza kushirikiana vivyo hivyo, au kumpeleka jike nje ya mtaa wakati wake ukifika. Na wale madume wadogo? Wengi wataliwa. Haki yao ni kwamba wapewe dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, ndani ya saa chache za kuzaliwa, kwani bila hayo mtoto hana kinga; kwamba wanyonye kabla ya chai ya familia kuhesabiwa; na kwamba siku ya mwisho wasiburutwe kwa miguu hadi Kiamaiko wakiwa wamefungwa nyuma ya pikipiki. Anayeona ugumu kuchinja vyema na amlipe anayejua. Mbuzi wanaoletwa Kiamaiko kwa malori kutoka kaskazini wamesafiri mamia ya kilomita wakiwa wamesimama. Wa nyumbani hana sababu ya kupata mateso kama hayo kwa mwendo wa vituo vitatu vya matatu.

Nimeulizwa, tena na watu ninaowaheshimu, ni ujasiri gani wa kuzungumzia starehe ya mbuzi mahali ambapo familia ya watu sita hulala katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Swali hili ni zito na lisijibiwe kwa mzaha. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kando ya mito ya Nairobi waliamriwa kuhama, na nyumba zikabomolewa. Mtu aliyeona tingatinga likiangusha ukuta wake hawezi kuhubiriwa kuhusu mbao za banda. Jibu langu lina pande mbili. Kwanza, mwanadamu huyo anaweza kulalamika, kwenda mahakamani, kupiga kura, na hata akishindwa, kuhama. Mbuzi hakuchagua Dandora. Aliletwa na sisi, kwa manufaa yetu, na kila tulichomnyima tumemnyima kwa hiari. Pili, katika eneo finyu dhiki ya mnyama huvuka haraka hadi kwa mtu. Mbuzi mwenye bruselosi huiambukiza familia kupitia maziwa mabichi, na dawa yake ni kuchemsha. Lakini mbuzi aliyelishwa mahindi yenye ukungu hutoa maziwa yenye aflatoksini, au sumukuvu kama ndugu zetu wa Tanzania wanavyoiita, ambayo haiondoki hata sufuria ikichemka mara tatu. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 katika nchi hii mwaka wa 2004, hasa Makueni na Kitui, kupitia mahindi. Mtoto anayenywa kikombe hicho Kayole haulizwi kama mbuzi ana haki.

Ndiyo sababu siamini kwamba kila mtu ana haki ya kufuga kila mnyama. Asiye na ua, maji, wala mtu wa kubaki nyumbani mchana, asifuge mbuzi, hata kama sheria ya kaunti haimkatazi. Afuge kuku wachache ikiwa ana paa, au apande sukuma wiki katika magunia. Kaunti nayo isijivunie kutunga sheria bila kupeleka daktari. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na chama cha kuwatetea wanyama, KSPCA, kiko Karen. Kote ni magharibi mwa jiji, upande wenye nyasi zilizokatwa. Mfugaji wa Komarock mwenye mbuzi aliyefura tumbo saa tatu usiku ana jiji zima la kuvuka, na mbuzi aliyefura tumbo hangoji msongamano wa magari umalizike.

Walimu wa mitaa hii wanahusika moja kwa moja. Vyama vya 4-K vilifufuliwa rasmi mwaka wa 2021, na mtaala wa umilisi umelirudisha somo la kilimo mikononi mwa watoto, si kwenye ubao tu. Shule nyingi zisizo na shamba zimekimbilia sungura. Ni chaguo zuri, mradi ifahamike kwamba sungura naye ana masharti. Meno yake hukua maisha yake yote, na tumbo lake huhitaji nyasi zenye nyuzinyuzi takriban mfululizo. Akipitisha siku nzima bila kula yu hatarini. Mabati ya kizimba yakipigwa na jua la Januari humchemsha. Wawili wakinunuliwa bila kukaguliwa jinsia zao, mimba ikiwa ni ya siku 31 hivi, mwalimu ataingia muhula wa pili na darasa jingine chini ya meza yake. Wanafunzi nao wafundishwe kumbeba kwa kumshika mwili mzima, si kwa masikio, ijapokuwa vitabu vingi vya hadithi vimechora hivyo.

Jaribio lenyewe huja Agosti, shule zinapofungwa. Somo limekwisha, alama zimetiwa, mwalimu wa kilimo amesafiri kwenda kwao, na bawabu hakuambiwa lolote. Shule inayotaka kuweka sungura ingeanza kwa kuandika ratiba ya likizo kabla ya kununua hata mmoja: majina ya wanafunzi wanaokaa karibu, siku zao, nani ana ufunguo wa lango, nyasi zitatoka wapi Jumapili, na ni nambari gani ya simu itakayopigwa mnyama akiugua. Ratiba hiyo ikikosa majina ya kuijaza, fedha za sungura zinunue miche.